Kabla ya Sindano, Taja Ugonjwa

Abti, kaa hapa kidogo. Nimechoka kulisema hili, na nitalisema tena, kwa kuwa mama yako ni dada yangu na wewe ndiye unayemshika mkono kwenda naye kwa dawa.

Ugonjwa wake, miasthenia gravisi, ni kinga ya mwili inayoshambulia pale neva inapoupa musuli amri. Ndiyo maana asubuhi anazungumza vizuri, jioni kope zimeanguka na nyama ya mbuzi inamshinda kutafuna. Joto la Garissa linamzidishia. Hayo mmeyazoea. Msilolizoea ni kwamba dawa inayomponya jirani inaweza kumkatia yeye pumzi.

Juzi homa ilimpanda, viungo vikamuuma, ukasema ni brusela. Huenda ni kweli, maana sisi ni watu wa ngamia na maziwa mabichi. Lakini nilipofika kwenye duka la dawa, mkono wa gauni lake ulikuwa umeshakunjwa na kijana ameshavuta jentamisini kwenye sindano. Hakuna aliyekuwa amemwambia mama ana ugonjwa gani. Abti, yule kijana angejuaje?

Jentamisini na streptomisini huidhoofisha ile ile amri ya neva ambayo kwake tayari ni dhaifu. Paromomisini, wanayodungwa wagonjwa wa kalazari kule Wajir, ni ya ukoo huo huo. Brusela ina njia nyingine: doksisaiklini na rifampisini, vidonge vya wiki 6. Hapo pia daktari akumbushwe kwamba mama anameza prednisoloni, kwa sababu rifampisini huipunguzia nguvu. Na hiyo prednisoloni isikatizwe ghafla, hata akijiona amepona.

Siprofloksasini, ambayo hapa mjini huuzwa kama peremende, Marekani iliamuru mwaka 2011 iwekewe onyo kali kwa wagonjwa kama yeye. Azithromisini, kwinini, sindano ya magnesiamu na baadhi ya dawa za presha, zote ziulizwe kwanza. Akipelekwa kupasuliwa, mtu wa usingizi aambiwe mapema.

Sikwambii umnyime dawa. Homa yenyewe ikiachwa humwangusha pia, na zipo siku daktari atachagua dawa ya hatari akiwa amemlaza na anaitazama pumzi yake. Hiyo ni kazi ya hospitali. Kaunta ya duka haiwezi kuifanya.

Sasa vidonge vyake vya piridostigmini. Kimoja humtosha saa chache tu, kisha nguvu hushuka. Ramadhani ikifika atataka kufunga, namjua dada yangu. Mkumbushe kwa upole kwamba mgonjwa ana ruhusa, na mwende kwa sheikh mkiwa na maneno ya daktari. Msiache vidonge viishe ndipo mtafute gari la Nairobi. Unakumbuka 2024, Mto Tana ulipofurika na barabara ikakatika pale Madogo? Kabla ya mvua za masika, awe na akiba ndani ya nyumba.

Siku sauti ikianza kutokea puani, maji yakampalia, shingo ikashindwa kubeba kichwa au akahema kwa shida akiwa amelala, usimwongezee kidonge ukidhani dawa imepungua. Vidonge vikizidi navyo humlegeza, akatoka mate mengi, jasho na msokoto wa tumbo, na wewe na mimi hatuwezi kutofautisha kulegea kwa ugonjwa na kulegea kwa vidonge kuzidi. Mpeleke hospitali ya rufaa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, hata kama mwenyewe anakataa.

Leo nataka kitu kimoja tu. Chukua kadi ngumu, umwombe daktari wake aandike jina la ugonjwa, dawa anazomeza na zile asizopaswa kupewa. Iwe ndani ya mkoba wake pamoja na kitambulisho. Ipige picha pia, unitumie mimi na dada zako, ili yeyote atakayekuwa naye aionyeshe kabla mkono wa gauni haujakunjwa.