Shibe, Dhiki na Kipimo

Tangu zamani watu hushindana juu ya swali hili: je, mtu hutoa kilicho bora katika nafsi yake akiwa katika neema, au akiwa katika dhiki? Wako wasemao kuwa neema ndiyo mama wa kila tendo jema, kwa sababu mwenye njaa hawezi kufikiri ila chakula. Wako wasemao kuwa dhiki ndiyo mwalimu, kwa sababu aliyeshiba haoni haja ya kujitaabisha. Wazee wetu hawakuegemea upande mmoja. Walisema, "Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza." Methali hii huzilaumu zote mbili. Nakuomba, msomaji, tulitazame swali hili mahali ambapo pengine hukutarajia: katika chupa ya maabara, kwa kiumbe asiyejua kujisifu wala kulalamika.

Kiumbe huyo ni bakteria wa udongo, wa jamaa iitwayo Streptomyces. Huwezi kumwona kwa macho, lakini harufu yake umeinusa mara nyingi. Mvua inapoangukia ardhi kavu, ile harufu ya udongo inayopanda hutokana kwa sehemu kubwa na jamaa hii. Huota kwa nyuzi nyembamba mfano wa ukungu, na hula majani makavu na mizizi iliyooza. Mwaka 1943, katika Chuo cha Rutgers huko Marekani, mwanafunzi wa miaka 23, Albert Schatz, aliyefanya kazi katika maabara ya Selman Waksman, alipata kwa bakteria wa jamaa hii dawa iitwayo streptomisini. Ilikuwa antibiotiki ya kwanza iliyoweza kupambana na kifua kikuu, maradhi yaliyokwisha kuua watu wasiohesabika. Hapa Afrika Mashariki pia sindano yake ilitumika kwa miaka mingi, na wengi waliokuwa wamekata tamaa walirudi makwao wazima.

Sasa angalia jinsi dawa za namna hii zinavyopatikana. Bakteria hutiwa katika maji yenye chakula: sukari ya kumpa nguvu, soya au nyama ya kumpa naitrojeni, na chumvi za aina mbalimbali. Asiyejua angedhani kuwa chakula kikizidi, dawa nayo itazidi. Sivyo. Maadamu chakula ni tele, bakteria hushughulika na kukua na kuongezeka, na dawa huwa haba au haipo kabisa. Aghalabu dawa huanza kutoka chakula kinapopungua, na kukua kunapopunguza mwendo.

Mfano mmoja ni aktinomisini, dawa iliyogunduliwa katika maabara ya Waksman mwaka 1940, ambayo baadaye ilitumiwa kutibu baadhi ya saratani za watoto. Bakteria wake akipewa sukari mbili pamoja, glukosi na galaktosi, huanza na glukosi kwa kuwa ni rahisi kwake kuila, na wakati huo dawa haitengenezwi. Glukosi ikiisha, akabakiwa na galaktosi iliyo ngumu zaidi, ndipo kazi huanza. Streptomisini nayo ina habari kama hiyo: fosfeti ikizidi katika chakula, bakteria hunawiri na dawa hupungua.

Hapa wenye kusifu dhiki watashangilia. "Tulisema nini?" watauliza. "Mnyime naye atafanya kazi!" Lakini yafaa waisikilize habari yote. Bakteria aliyetiwa katika maji matupu hatoi dawa hata tone. Zile nyuzi zinazotengeneza dawa siku za mwisho zilijengwa kwa chakula cha siku za kwanza. Tena upo upungufu usiofidiwa na wingi wa kitu kingine. Bakteria yule yule wa streptomisini hutengeneza pia vitamini B12, na kila chembe ya vitamini hiyo lazima iwe na atomu moja ya madini ya kobalti. Mnyime kobalti, kisha mmiminie sukari na soya upendavyo; vitamini hutaipata. Alichokosa ni kidogo mno, lakini hakina badala.

Basi shibe si jibu, na njaa si jibu. Jibu ni kipimo. Ukungu utoao penisilini si bakteria, lakini historia yake hulionyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, watafiti wa mji wa Peoria, Marekani, walitafuta njia ya kuongeza dawa hiyo. Andrew Moyer alitia katika chakula cha ukungu maji yaliyolowekewa mahindi, masalio ya viwanda vya wanga, na mahali pa sukari iliyotumika awali akatia laktosi, yaani sukari ya maziwa, ambayo ukungu huila polepole. Mavuno yakaongezeka mara nyingi. Mtu angeweza kusadiki kuwa glukosi ni adui. Lakini majaribio ya miaka ya 1950 yalionyesha kuwa glukosi ile ile, ikidondoshwa kidogo kidogo bila kukoma, huleta mavuno mazuri. Sukari haikuwa na kosa; kosa lilikuwa kuimimina yote kwa mara moja.

Je, twaweza kuyatoa haya katika chupa tukayaleta katika maisha ya watu? Twaweza, lakini kwa hadhari. Bakteria wa chupani hulishwa kwa faida ya mwingine. Mwenye kumpunguzia chakula hamtakii mema wala mabaya; anataka kuvuna tu. Mtu si shamba la mtu mwingine. Kwa hiyo asemaye, "Waache maskini wataabike, taabu itawafundisha," amejitwalia mizani asiyopewa na mtu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mtu huyo hutaja wachache waliokulia katika ufukara wakawa mashuhuri, wala hawahesabu wale wengi waliokuwa na akili kama wao wakazama bila kujulikana. Mtoto aliyekosa lishe ya kutosha, au aliyekosa kitabu cha kusomea, ni kama chupa isiyo na kobalti. Hotuba za kumhimiza ajitahidi haziwezi kuliziba pengo hilo.

Huenda ukauliza, "Na mzazi je? Na mwalimu? Wao hawatupimii?" Naam, hutupimia, na wakati mwingine hutunyima. Lakini kipimo chao ni halali kwa masharti mawili: kwamba humnyima mtoto kwa faida ya mtoto mwenyewe, na kwamba akisha kuwa mtu mzima wanaweza kumweleza sababu bila kuona haya. Kipimo kisichoweza kuelezwa kwa aliyepimiwa ni dhuluma.

Mizani iliyo yako bila shaka ni ile ya kujipimia mwenyewe. Kumbuka yule bakteria mwenye sukari mbili. Kila mmoja wetu ana glukosi yake: mazungumzo, michezo, na starehe zilizo rahisi. Hizi si mbaya, na mtu asiyezionja kabisa hunyauka. Lakini zikiwa tele mezani, akili huzianza hizo, na somo gumu hubaki halikuguswa mpaka usiku umekwisha. Bakteria hawezi kuiondoa sukari iliyo mbele yake, hungoja iishe. Wewe waweza kuiweka kando kabla haijaisha, na uwezo huo ndio sehemu ya heshima ya kuwa mtu.

Shika basi kanuni mbili, wala usizibadilishane mahali. Katika nafsi yako, jipunguzie kilicho rahisi ili kilicho kigumu kipate nafasi. Kwa mwenzio aliyepungukiwa, usimhubirie faida za dhiki. Mtafutie anachokosa, hata kikiwa kidogo, kwa maana hujui ni dawa gani iliyofichwa ndani yake ikingoja kitu hicho tu.