Barafu Ina Mwenyewe?

Hapa Garsen barafu ni ile ya ukwaju: unang'ata kona, unafyonza. Nilipomwambia mama kuna vijana Nairobi wanaocheza hoki juu ya barafu, alicheka. "Huo ni wa Wazungu, mwanangu."

Wanaitwa Ice Lions. Wanafanyia mazoezi hoteli ya Panari, kwenye uwanja uliofunguliwa 2005. Nchini hawakuwa na wa kucheza naye, hadi 2018 walipopelekwa Kanada. Kule kuna vimji vya kaskazini ambako hoki ni urithi, babu kwa mjukuu. Je, vijana wetu wamechukua cha wenyewe?

Swali hili linaniuma kwa sababu huku Tana River neno urithi limeua. Mwaka 2012 Wapokomo na Waorma walichinjana kwa ajili ya malisho na maji, kila upande ukisema mto ni wa babu zake. Zaidi ya watu 100 walizikwa.

Utaniambia mchezo haupungui ukigawanwa, maji hupungua. Kweli kabisa. Lakini basi kinachotakiwa ni zamu na kanuni, si kubishana nani alitangulia. Aliyetangulia amekufa zamani. Mwenye kiu yuko leo.

Mimi chuo niliacha, sina cheti cha kukuonyesha. Ila naona hivi: urithi ni wa anayeamka kuutunza. Anayetaja tu jina la babu hajarithi kitu, anadai tu.