Nakshi Chini ya Masizi

Mtu akifinyanga chombo kwa mikono yake, kisha akakitia nakshi, ni nani aliyekusudiwa kuiona: Mola, mla chakula, au mfinyanzi mwenyewe? Wanazuoni walikwisha kupambanua tangu zamani baina ya ihsani, ambayo ni kuitengeneza kazi vema hata pasipo jicho la mwanadamu, na riya, ambayo ni kuitengeneza vema kwa ajili ya jicho hilo. Taabu ni kwamba zikiwekwa mezani hazitofautiani kwa sura.

Huko Japani iko mikahawa ya fahari ambayo mwenyewe huukanda unga wa tambi kwa mkono wake, na bakuli akazifinyanga yeye yeye. Yanagi Soetsu, ambaye mwaka 1925, pamoja na wafinyanzi Hamada Shoji na Kawai Kanjiro, alibuni jina la mingei, yaani sanaa ya watu, na mwaka 1936 akafungua jumba la makumbusho yake mjini Tokyo, nadhani angaliitazama kwa shaka, kwani alishikilia kwamba uzuri hukaa katika chombo cha kila siku cha mtu asiyejulikana jina. Hamada naye aliacha kuvitia sahihi vyombo vyake, ingawa kila tajiri alijua ni vya nani, jambo ambalo kwangu mimi linampunguzia thawabu. Hata kitako cha bakuli, katika karamu za chai za Wajapani, wageni hukipindua wakakikagua. Basi palipofichika napo pamekuwa baraza.

Chombo alichokitaka Yanagi kipo Tandika, jijini Dar es Salaam, na kipo katika vichochoro vya Mwananyamala: chungu cha mama ntilie, juu ya mafiga, maharage ya nazi yakitokota ndani. Aliyekifinyanga hatumjui. Aliuchambua udongo changarawe, akaunyanyua ukuta bila gurudumu, akausugua kwa kokoto hata ukalainika, kisha akaizungushia shingo mistari ya chale, naye akijua fika kwamba kabla ya juma kwisha masizi yatakuwa yameizika. Mpinzani atasema pambo lile ni la soko. Lakini mnunuzi hukigonga chungu kwa kidole asikilize kama kina ufa, akakadiria ukubwa, akalipa. Sijamwona aongezaye shilingi kwa ajili ya mistari.

Sura ya Arrahman yasema mtu aliumbwa kwa udongo mkavu mfano wa vyungu, na Nabii Yeremia alitumwa nyumbani kwa mfinyanzi akajifunze. Basi Aliyetufinyanga alitupamba nyuso ilhali anajua zitarudi mchangani, na sioni kwamba yule mfinyanzi aliyechora mistari chini ya masizi alifuata kielelezo kingine.

Siku hizi mama ntilie wengi wamehamia sufuria, ichemkayo upesi na isiyopasuka ikianguka, wala siwezi kumlaumu mwenye wateja wa saa sita mlangoni. Lakini sufuria haikupambwa na mtu, si kwa ajili ya Mungu wala ya watu, kwa hiyo suala letu haliihusu.