Mawe ya Ukumbusho



Tunapomzika mzee aliyekuwa askari, wasifu wake husomwa upesi: alizaliwa, alipigana Burma, alioa, amelala. Miaka tisini na zaidi inaishia kwenye karatasi moja.

Someni Yoshua 4. Baada ya kuvuka Yordani, Yoshua, askari wa siku nyingi, alisimamisha mawe kumi na mawili, ili watoto watakapouliza maana yake, baba zao wapate la kujibu. Huo ndio mpango wa Mungu: mtoto aulize, baba asimulie.

Baba zetu wa Keya nao walivuka mto. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika mvua, matope na malaria. Desemba ikavuka mto Chindwin. Waliorudi walilima, wakalea watoto, wakanyamaza. Watoto wengi wakadhani kimya kile ni kusahau.

Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule angetimiza 100 mwaka 2024. Waliosalia ni wachache mno. Amri ya tano haitimizwi kwa jeneza zuri. Keti leo karibu na mzee wako, au mjane wake. Uliza: rafiki yake alikuwa nani? Nani hakurudi? Aliomba nini usiku? Kisha wasimulie wanao.

Maisha marefu ya baba ni zawadi ya Mungu kwa nyumba nzima. Tusiizike pamoja naye.

Amina.