Msishuhudie Uongo kwa Kamera

Wenye mashine za mawese, wenye maboti na nyavu, mama zetu wa vyama vya ndagala, nanyi vijana wa Baraka, hapa Fizi, mnaozunguka na kamera: sikieni! Video ya kampuni ni ushuhuda. Mnasimama mbele ya watu msiowajua na kusema, sisi ndio hawa, na kazi yetu ndiyo hii. Amri inayokataza kushuhudia uongo mmeijua tangu utotoni. Mbona mnaisahau siku mnapotaka kuuza sabuni?

Nimeziona video hizo. Binti ameletwa kutoka mbali, amevalishwa koti jeupe lisilo na tone la mafuta, ameshikishwa chupa, anatabasamu, na muziki unapigwa mpaka mashine haisikiki. Hajawahi kuchemsha ngazi za mawese maishani mwake. Waliochemsha wameambiwa wapishe, eti nguo zao zimechafuka. Aibu gani hiyo! Doa la mawese kwenye kitenge cha mama aliyekamua tangu alfajiri ndiyo hati ya ubora wa mafuta yenu. Liacheni lionekane! Sogeeni karibu, mikono yake inayozungusha mashine ijae kwenye kioo, povu jekundu lionekane likishuka ndani ya pipa. Kisha nyamazeni, chuma kilie chenyewe.

Sisemi mpige picha ovyo kwa jina la ukweli. La! Ukweli unadai ufundi kuliko uongo. Futeni kioo cha kamera, maana vidole vyenye mawese huacha ukungu. Msipige saa sita, jua likiwa utosini na macho ya watu yamegeuka mashimo meusi. Upepo wa ziwa hula maneno: mvisheni anayesema kipaza sauti kidogo chenye kifuniko cha manyoya, au mketisheni nyuma ya ukuta. Kama moyo wake unasema Kibembe, aseme Kibembe, nanyi andikeni Kiswahili chini ya picha. Kifaransa cha kukariri huua uso wa mtu.

Na anayetaka kuonyesha ndagala, aujue mwezi. Wavuvi wa Tanganyika huvua usiku kwa taa, samaki wakiifuata nuru mpaka juu; mwezi ukiwa mpevu, taa hupoteza nguvu na maboti mengi hubaki ufukoni. Anakuja mpiga video wakati huohuo, anakuta nyavu zimeanikwa, anawaomba wavuvi wajifanye wanavua mchana. Subiri giza, ndugu yangu! Lala pale ufukoni, uwapokee alfajiri. Jua la Baraka huchomoza upande wa Ubwari, kwa hiyo maboti yatakujia mwanga ukiwa mgongoni mwao. Ingia majini hadi magotini, pita ubavuni mwa boti, ugeuke, ndipo utapata nyuso.

Nawasihi hivi kwa sababu wengine wametushuhudia kwa muda mrefu mno. Che Guevara alikuwa huku kwetu, kambi yake ikiwa Kibamba, kuanzia Aprili hadi Novemba 1965, ukafuata uasi wa msituni wa Laurent-Désiré Kabila, na tangu hapo Fizi ikitajwa ughaibuni, inatajwa pamoja na bunduki. Mwaka 2008 Mholanzi Renzo Martens alitoa filamu, Enjoy Poverty. Ndani yake anawaonyesha wapiga picha wa Kanyabayonga, Kivu Kaskazini, waliokuwa wakiishi kwa picha za harusi na sherehe, kwamba maiti na watoto wenye utapiamlo huleta pesa nyingi kuliko bibi harusi. Hesabu ile inachoma kwa sababu haikuwa ya kubuni. Msiifuate! Msimlize mjane ili chupa yenu inunuliwe. Mwacheni aseme bei ya bido la mawese, aseme mvua ikinyesha mzigo unavyokwama njia ya Uvira, acheke akitaka kucheka. Nanyi mnaonunua dhahabu ya Misisi, mkionyesha ofisi na mizani bila shimo wala mchimbaji, mmeficha nusu ya ushuhuda.

Tena angalieni sana: hapa kuna vita. Uso ukishasambaa WhatsApp haurudi, na huyo unayempiga picha huenda amekimbia kijiji chake na hataki ijulikane amejificha wapi. Mwombeni ruhusa kwa maneno, mumweleze video inakwenda wapi na itatazamwa na nani. Akikataa, shusheni kamera, msimbembeleze kwa zawadi. Vituo vya askari msiviguse. Watoto, mpaka wazazi wakubali.

Mkimaliza kuhariri, rudini kwa yule mama mliyempiga video, simu mkononi, aitazame yote kabla haijatoka. Akisema, “Hapa sikusema hivi,” kateni pale pale mbele yake. Na siku yake ya kazi mliyoichukua, mlipeni.