Msomaji Upande wa Mwenye Mizigo

Katika Shamba la Wanyama, riwaya ya George Orwell ambayo Fortunatus Kawegere aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1967, yumo farasi jike aitwaye Clover. Anakumbuka kwamba kulala kitandani kulikatazwa. Kwa kuwa kusoma kunamshinda, anamwomba mbuzi Muriel amsomee amri iliyoandikwa ukutani. Anasomewa kuwa marufuku ni kitanda chenye shuka. Clover hakumbuki habari ya shuka, lakini maneno yapo ukutani, basi anaona yeye ndiye aliyesahau.

Msimulizi wa Orwell haingii kichwani mwa nguruwe Napoleon, mtawala wa shamba, hata mara moja. Anakaa uani na wanyama, anaona wanachoona, anasikia wanachotangaziwa, wala hahukumu. Kazi ya kushuku anaachiwa msomaji. Kwangu mimi, ubora mkubwa wa kitabu kile uko hapo kuliko kwenye siasa yake.

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji, ina kitabu chake cha Kiswahili kinachofanya kinyume: Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara. Humo anayesema “mimi” ni mtawala mwenyewe. Tunajua madeni yake, faida yake na hasira zake. Katika safari moja wapagazi walimtoroka. Akarudi vijijini kwao, akakamata mamia ya watu na kuwafunga. Ukisoma sehemu ile ujichunguze. Kabla hujawahurumia waliofungwa, umekwisha kuhangaika: je, mizigo itafika? Nafsi ya kwanza imekuweka upande wa mwenye mizigo, na hukuombwa ridhaa.

Tippu Tip aliijua nguvu hiyo vizuri. Alipopata habari kwamba ndugu wa kike wa Kasongo Rushie, mtawala wa Utetela huko Kongo, walitekwa zamani, alidai kuwa bibi yake alikuwa mmoja wao. Mzee akamkubali kama mjukuu wa damu, akamkabidhi utawala. Nchi nzima ilipatikana kwa hadithi iliyosimuliwa vizuri, na wenyeji wakaanza kumletea pembe za ndovu kama haki yake. Walimtii kwa sababu waliamini ni mtu wa kwao.

Ndiyo maana namwogopa msimulizi anayetuzoeza naye kuliko yule anayetutisha. Anayetishwa hujua kwamba ametishwa. Aliyezoeshwa hutetea amri kwa kinywa chake mwenyewe, kama Clover mbele ya ule ukuta.

Walimu wa fasihi wa Tabora, visomesheni vitabu hivi viwili pamoja. Kisha mpeni mwanafunzi kazi moja: aandike upya ule ukurasa wa wapagazi waliotoroka, na anayesema “mimi” awe mmoja wao.