Hiyo Vitz Yako Imebakisha Miaka Mingapi?

Andiko la msingi: Walawi 25:14-17



Wiki hii tuongee juu ya jambo ambalo halihubiriwi sana, lakini linatugusa tukishatoka kanisani: bei tunayoitisha tunapouza kitu. Nitachukua mfano wa gari dogo kuukuu, kwa sababu wengi wetu siku ya kuuza au kununua gari ndiyo siku tunayoshika pesa nyingi zaidi kwa mara moja.

Tuseme ndugu ana Vitz ya 2005, namba inaanza na KBS. Anaitisha Sh600,000. Miezi mitano imepita na bado haijauzwa. Ukimuuliza amefikaje kwa hiyo bei, majibu yako tayari: "Mimi niliinunua Sh650,000. Nimeweka tairi mpya. Na jirani ameitisha yake zaidi ya hiyo. Kwani nimemlazimisha mtu? Asiyetaka aende."

Je, hapo kuna dhambi, ama ni biashara tu?

Tuanze na sababu zake. Ile Sh650,000 ni historia. Katika biashara tunajua kwamba pesa iliyokwisha kutumika hairudishwi na mnunuzi wa leo. Zile tairi zimekupeleka kazini na mashambani, faida yake umeshakula. Na bei ya jirani? Bei ya kuitisha si bei ya kuuza. Kama magari kumi yameitishwa Sh600,000 na yote bado yamepaki, soko limesema hapana mara kumi.

Lakini tusimhukumu ovyo. Kuna sababu ya kweli inayofanya magari ya zamani yawe ghali hapa Kenya. Kwa kawaida sheria hairuhusu kuingiza gari lililopitisha miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo mtu asiyeweza kulipia gari linaloshuka Mombasa, pamoja na ushuru wake, anatafuta yale yaliyo nchini tayari. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika karibu Sh160. Gari la kuagiza likipanda hivyo, la zamani nalo hulifuata. Hiyo si tamaa ya mtu. Ila mwaka huohuo dola ilirudi hadi karibu Sh130. Sasa aliyepandisha bei akisema "ni dola", je, alishusha dola iliposhuka?

Hapa ndipo Walawi 25 inatusaidia. Mungu aliwaambia Waisraeli wahesabu miaka iliyobaki kabla ya Yubile ndipo wapange bei ya shamba. Miaka ikiwa mingi, bei iende juu. Ikiwa michache, bei ishuke. Kumbe kilichouzwa hasa ni mavuno yaliyobaki, si jasho ulilomwaga. Na papo hapo Mungu anaonya watu wasidhulumiane, bali wamche Yeye. Hesabu ya bei na kicho cha Mungu vimewekwa pamoja!

Tufanye hesabu hiyo. Tuseme Vitz kama ile, ikiwa sawasawa, watu wanailipia Sh420,000. Fundi ameiangalia: gia inaanza kusita na sehemu za chini zimelegea, kazi ya Sh70,000. Inabaki Sh350,000. Kati ya hapo na Sh600,000 kuna Sh250,000. Kwa mama aliyekopa kwa Sacco ili apate gari la kusambazia mayai, hiyo ni miezi 25 ya kulipa Sh10,000 kila mwezi, hata kabla ya riba. Na gia itasimama katikati ya huo mkopo.

Sasa nijibu swali. Kuitisha juu peke yake si uongo. Sisi ni watu wa kupatana bei, na kila mtu anajua bei ya kwanza ni ya kuanzia mazungumzo. Dhuluma inaanza pale bei inapotegemea mwenzako asijue. Umerudisha nyuma mita ya kilomita. Umemwambia, "Hii gari haina shida yoyote," na fundi alikuambia wewe mwenyewe juu ya gia. Kipimo ni hiki: je, angejua yote unayojua, bei yako ingesimama?

Upande wa pili uko pia. Kumbukumbu la Torati 25:13 inakataza kubeba mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Wengi wanalo la kuuzia na la kununulia. Ikiwa yangu, gari ni "safi kabisa". Ikiwa yako, ni mkebe. Mithali 20:14 inamchora mnunuzi anayeponda bidhaa, halafu akienda zake anajisifu. Januari ikifika, ndugu anatafuta karo, ama ana bili ya hospitali, unampa Sh200,000 kwa gari la Sh350,000. Jumapili unasimama kutoa ushuhuda kwamba Mungu amekufungulia mlango. Mpendwa, huo mlango ulifunguliwa na machozi ya mwenzako.

Na tusitumie wokovu kukwepa ukaguzi. "Huyu ni ndugu, hawezi kunidanganya" si sababu ya kumwacha fundi nyumbani. Ndugu mkweli hatakasirika ukija na fundi, wala ukitaka kuhakikisha logibuku.

Hatua ya wiki hii: kama una kitu unauza, uliza zilizouzwa ziliuzwa ngapi, si zilizoitishwa. Toa gharama ya matengenezo. Mwambie mnunuzi kasoro moja kabla hajauliza. Kama unanunua, jiulize: hii ingekuwa yangu, ningeikubali hiyo bei?

Ombi: Bwana, tupe jiwe moja mfukoni, la kuuzia na la kununulia. Utuondolee hofu ya kupoteza pesa inayotufanya tufiche ukweli. Katika jina la Yesu, Amina.